Kati ya « truce » na « ceasefire », raia wa Mashariki ndio wanaoumia

Kila mara karatasi mpya inapotiwa sahihi huko Doha, Washington, Luanda ao Nairobi, habari inafika Goma, Bukavu, Uvira na Bunia ikiwa imekatwa kuwa sentensi moja: vita imesimama. Redio zinaitangaza, simu zinaisambaza, watu wanaizungumzia sokoni na kwenye mlango wa kanisa. Jamaa zilizokimbia Masisi zinaanza kuulizana kama zinaweza kurudi kuvuna maharagwe yao. Madereva wa malori wanauliza kama barabara imefunguliwa. Siku chache hazipiti, silaha zinalia tena, na watu wanasema kwamba wamedanganywa.

Mara nyingi ni kweli: kuna upande uliotia sahihi bila nia ya kutimiza. Lakini mara nyingine karatasi yenyewe haikusema hata kidogo kwamba vita imesimama. Ilisema jambo dogo kuliko hilo, kwa neno la Kiingereza ambalo waandikaji wake walilipima kwa siku nyingi kabla ya kuliweka. Neno hilo lilipotoka katika Kiingereza likapita katika Kifaransa na kuingia katika Kiswahili, uzito wake ulibaki njiani.

Hakuna anayeweza kusema kwamba hayo ni mambo ya walimu wa lugha peke yao. Mtu wa Rutshuru akirudi kwenye shamba lake kwa sababu alisikia neno lisilokuwa kwenye karatasi, anaweza kufa kwa neno hilo. Ndiyo sababu ni sherti serikali, wapatanishi na waandishi wa habari waache kuyatupa maneno ya Kiingereza ya mikataba ya amani ndani ya kapu moja.

Maneno matatu, tafsiri moja

Kiingereza cha wapatanishi kina maneno matatu ambayo Kiswahili cha habari kinayafanya kuwa moja. La kwanza ni « truce ». La pili ni « cessation of hostilities ». La tatu ni « ceasefire ». Yote matatu yanapofika redioni yanaitwa « kusitisha mapigano » ao, kwa ufupi zaidi, « kusimamisha vita ».

« Truce » ni mapumziko. Wapiganaji wanapumzika kwa muda, mara nyingi kwa kazi moja inayojulikana: kuzika wafu, kuondoa majeruhi, kupitisha chakula na dawa. Kazi ikiisha ao siku zikifika, kila upande una ruhusa ya kuendelea na vita, na hakuna atakayesema kwamba umevunja neno lake. « Cessation of hostilities » ni ahadi ya kuacha uhasama. Inaweza kutolewa kwa tangazo tu, na kwa kawaida haiingii katika mambo ya ramani na walinzi. « Ceasefire » ndiyo yenye masharti mengi zaidi: kuna saa ya kuanza, kuna maeneo yaliyotajwa, kuna matendo yaliyokatazwa, na kuna watu waliopewa kazi ya kuangalia nani amevunja sheria. Sheria za kimataifa hazikuweka mipaka ya chuma kati ya maneno haya, lakini wale wanaokaa mezani wanajua tofauti yake na wanaitumia.

Mwaka 2024 mashariki ya Kongo ilipitia maneno hayo kwa zamu. Mwanzoni mwa Julai Marekani ilitangaza « humanitarian truce » ya wiki mbili katika Kivu Kaskazini, ikaongezwa tena siku kumi na tano. Hayo yalikuwa mapumziko ya kupitisha msaada. Kisha, kwa upatanishi wa Angola, « ceasefire » ikaanza tarehe 4 Agosti 2024. Neno lilikuwa kubwa zaidi, lakini waliokubaliana ni RDC na Rwanda. Kundi la M23 halikuwa mezani Luanda, na lilisema wazi kwamba makubaliano hayo hayalifungi moja kwa moja. Raia aliyesikia tu « mapigano yamesitishwa » hakuambiwa kati ya nani na nani.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 jambo lilikuwa baya zaidi. Baada ya kuingia Goma mwishoni mwa Januari, AFC/M23 ilitangaza peke yake usitishaji wa mapigano kwa sababu za kibinadamu, kuanzia tarehe 4 Februari. Siku iliyofuata wapiganaji wake waliingia Nyabibwe, katika Kivu Kusini, na kabla ya mwezi kufika nusu ya pili walikuwa ndani ya Bukavu. Tangazo la upande mmoja halina mtu wa pili wa kulidai wala mlinzi wa kuliangalia. Lilikuwa na jina la « ceasefire » bila miguu ya « ceasefire ».

Halafu likaja tangazo la Doha la tarehe 23 Aprili 2025, kati ya serikali ya Kinshasa na AFC/M23. Mwenye kulisoma kwa makini anakuta maneno yote matatu ndani ya karatasi moja fupi. Pande mbili zilisema zitafanya kazi kufikia « truce », ambayo ingesaidia « ceasefire » kutimia, na zikarudilia nia yao ya « cessation of hostilities » mara moja. Maana yake ni kwamba siku ile hata mapumziko yenyewe hayakuwa bado yamepatikana. Kilichopatikana ni ahadi ya kuyatafuta. Lakini mitaani Goma na Bukavu, habari ilipita kama ilivyozoea kupita: vita imesimama. Ilikuwa ni sherti kungoja mpaka tarehe 14 Oktoba 2025 ili pande hizo zitie sahihi juu ya chombo cha kuangalia usitishaji wa mapigano. Kati ya Aprili na Oktoba kulikuwa na miezi sita ya neno lisilokuwa na mlinzi.

Wazee wa Kisangani hawahitaji kuelezwa hayo. Makubaliano ya Lusaka ya tarehe 10 Julai 1999 yaliitwa kwa Kiingereza « Ceasefire Agreement », hapana « Peace Agreement ». Watu wengi waliyapokea kama amani. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, nchi mbili zilizotia sahihi Lusaka, yalipigana siku sita ndani ya muji wa Kisangani, juu ya vichwa vya raia wasiokuwa na ugomvi na yeyote kati yao. Makubaliano ya jumla ya Wakongomani wenyewe yalipatikana Pretoria tarehe 17 Desemba 2002, zaidi ya miaka mitatu baada ya Lusaka.

Kuomba, kudai, kuamua

Kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, uzito wa neno unaonekana wazi zaidi, kwa maana kule maneno yana ngazi. Kuna « calls on » ao « calls upon », ambayo ni kutoa mwito. Kuna pia « urges », ambayo ni kuhimiza. Inafuata « demands », ambayo ni kudai. Na juu ya yote kuna « decides », ambayo ni kuamua. Kifungu cha 25 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinasema nchi zote wanachama zinakubali kupokea na kutimiza maamuzi ya Baraza. Kwa hiyo neno « decides » ndilo linalofunga bila mjadala. Maneno mengine yanaacha mlango wa mabishano.

Tarehe 21 Februari 2025 Baraza lilipitisha azimio namba 2773, kwa kura zote 15. Katika Goma na Bukavu wakaaji walisikia kwamba Umoja wa Mataifa umeamuru M23 na jeshi la Rwanda waondoke. Azimio lenyewe halisemi hivyo kwa neno moja. Kuhusu M23, Baraza liliandika « decides »: limeamua kwamba kundi hilo liache mapigano mara moja na liondoke Goma, Bukavu na maeneo yote linayoyashika. Kuhusu jeshi la Rwanda, Baraza liliandika « calls on »: linatoa mwito liache kuisaidia M23 na liondoke mara moja kwenye ardhi ya RDC bila masharti.

Basi neno lenye kufunga lilielekezwa kwa kundi la silaha, ambalo si mwanachama wa Umoja wa Mataifa na halina kiti New York. Neno la mwito lilielekezwa kwa jeshi la nchi yenye kiti na yenye balozi. Wanasheria wanaweza kubishana kama mwito uliotolewa chini ya Sura ya VII unafunga ao haufungi. Mahakama ya Kimataifa ya La Haye yenyewe, katika maoni yake ya tarehe 21 Juni 1971 juu ya Namibia, ilisema kwamba lugha ya azimio ichunguzwe vizuri kabla ya mtu kusema lina nguvu ya kulazimisha. Lakini mjadala huo ndio faida ya mwenye kutaka kuchelewa. Neno likiwa na nafasi, atajificha ndani ya nafasi hiyo.

Hapo kuna kazi kwa Kinshasa. Tarehe 3 Juni 2025 RDC ilichaguliwa kuwa mwanachama asiye wa kudumu wa Baraza la Usalama kwa miaka 2026 na 2027. Kiti hicho kinapimwa kwa kalamu kuliko kwa hotuba. Mjumbe anayefanikiwa kupandisha neno moja kutoka « calls on » hadi « decides » amewafanyia wakaaji wa Kivu kazi kuliko yule aliyesema kwa dakika ishirini na kupigiwa makofi.

Vita juu ya jina la karatasi

Mwenye kufikiri kwamba hayo yote ni kupasua unywele akumbuke Kampala. Mwezi wa Novemba 2013 M23 lilikuwa limeshindwa vitani na kutangaza mwisho wa uasi wake. Wajumbe walikuwa wamefika, mapatano yalikuwa tayari, sherehe ya kutia sahihi ilingojewa tarehe 11. Haikufanyika. Ugomvi ulikuwa juu ya kichwa cha karatasi: M23 ilitaka kiitwe « agreement », yaani makubaliano, Kinshasa ilitaka kiitwe « declaration », yaani tangazo.

Tofauti haikuwa ya adabu. « Agreement » ina pande mbili zilizo sawa mezani, na kila moja inaweza kudai haki yake kwa mwenzake. « Declaration » ni kauli: kila mmoja anasema atakalolifanya, na hakuna anayemtambua mwenzake kama mshirika. Serikali haikutaka kutia sahihi « agreement » na kundi lililoshindwa, kwa maana makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009 na CNDP ndiyo yaliyoipa M23 jina lake na sababu ya kushika silaha. Mwisho wake, tarehe 12 Desemba 2013 huko Nairobi, kila upande ulitia sahihi tangazo lake. Miaka michache baadaye M23 ilirudi vitani, na moja ya malalamiko yake ni kwamba ahadi za Nairobi hazikutimizwa.

Leo majina hayo yamerudi. Karatasi ya Doha ya tarehe 19 Julai 2025 inaitwa « Declaration of Principles », tangazo la kanuni. Ile ya tarehe 15 Novemba 2025 inaitwa « Framework », yaani kiunzi: miti imesimikwa, udongo na bati bado. Katika habari za Kiswahili zote mbili ziliitwa « makubaliano ya amani ». Mtu akiona kiunzi akaambiwa ni nyumba, siku ya mvua atalaumu nani?

Kuondoka ni kuondoka

Hata neno linaloonekana jepesi kama « kuondoka » lina mitego yake. Makubaliano kati ya RDC na Rwanda yaliyotiwa sahihi Washington tarehe 27 Juni 2025 na mawaziri wa mambo ya nje yamejengwa juu ya mpango uliozungumzwa Luanda mwaka 2024. Katika mpango huo, kwa upande wa Rwanda, maneno yaliyotumiwa ni « disengagement of forces » na « lifting of defensive measures ». Tafsiri yake ya haki ni kutenganisha majeshi na kuondoa hatua za kujilinda.

Katika Kinshasa na Mashariki, wengi waliyasikia maneno hayo kama « withdrawal », kuondoka kwa askari. Kigali kwa upande wake ilishika herufi: ilisisitiza kwamba kilichoandikwa ni hatua za kujilinda, na kwamba zinafuatana na kumalizwa kwa FDLR. Msomaji anaweza kuona hoja hiyo ni ya haki ao ni ya ujanja. Lakini hawezi kusema imetungwa baada ya sahihi, kwa sababu ilikuwamo ndani ya karatasi tangu siku ya kwanza.

Neno linalofuata ni « neutralize », linalotumiwa kwa FDLR. Baraza la Usalama lililitumia pia mwaka 2013 katika azimio namba 2098, lililounda kikosi cha kuingilia kati ndani ya MONUSCO. Katika Kiingereza cha kijeshi, kumfanya adui asiwe na nguvu tena kunaweza kuwa kumuua, kumkamata, kumnyang'anya silaha ao kumvunjia njia zake. « Disarm » ni kuondoa silaha tu. Mkaaji wa Walikale ao wa Rutshuru ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo litafanyika karibu na nyumba yake, kwa maana kijiji kinachongoja operesheni ya vita hakijitayarishi sawa na kijiji kinachongoja watu wanaojisalimisha.

Marais wa nchi hizo mbili walikutana Washington tarehe 4 Desemba 2025 na kutia sahihi mapatano mengine. Siku chache baadaye M23 iliingia Uvira, na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Burundi. Kwa wakaaji wa Uvira, lilikuwa somo la bei kali juu ya tofauti kati ya mapatano ya nchi mbili na mapatano ya wale wote wenye bunduki.

Kifaransa hakitoshi kuwa ngao

Wengine watasema hakuna hatari, kwa kuwa RDC ina Kifaransa, na Kifaransa ni lugha ya Umoja wa Mataifa. Kuna mfano unaojulikana duniani kote unaoonyesha kwamba ngao hiyo ina tundu. Tarehe 22 Novemba 1967, baada ya vita ya siku sita ya Mashariki ya Kati, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 242. Kifaransa kinasema Israeli iondoe majeshi yake « des territoires occupés », yaani kwenye maeneo yaliyokaliwa. Kiingereza kinasema « from territories occupied », bila kile kijineno « the ». Israeli ikashika Kiingereza na kusema haikuambiwa iondoke kwenye maeneo yote. Nchi za Kiarabu zikashika Kifaransa. Zaidi ya nusu karne imepita na mabishano hayajaisha.

Kijineno cha herufi tatu kilifanya hivyo. Kiswahili hakina kabisa kijineno cha namna hiyo: mtu akisema « maeneo yaliyokaliwa », anaweza kumaanisha yote ao baadhi. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili, kuliko mfasiri mwingine yeyote, ni sherti aulize na aongeze neno linalofaa, badala ya kupita haraka.

Mkimbizi ni nani?

Neno moja linagusa matumbo ya watu kila siku: « mkimbizi ». Katika Kiingereza, aliyekimbia Masisi akalala Bulengo ao Kanyaruchinya ni « internally displaced person ». Aliyevuka Ruzizi akafika Burundi ni « refugee ». Kiswahili cha mitaani kinawaita wote wakimbizi, ao kinamwazima Mfaransa neno lake « déplacé ».

Tofauti ni ya haki na ya feza. « Refugee » amevuka mpaka. Analindwa na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 na ule wa Umoja wa Afrika wa zamani wa mwaka 1969, na nchi iliyompokea haina ruhusa ya kumrudisha kwa nguvu mahali penye hatari. Aliyehama ndani ya nchi yake hakupoteza ulinzi wa serikali yake. Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 unasema mzigo wa kumlinda na kumsaidia uko kwanza juu ya nchi yake. Mwezi wa Februari 2025, waliohamia kando ya Goma walipoambiwa waondoke kambini ndani ya saa 72, wengi walilalamikia Umoja wa Mataifa peke yake. Mzigo ulikuwa pia wa serikali, na wa yule aliyekuwa ameshika muji. Mtu asiyejua jina la hali yake hajui mlango wa kugonga.

Bunduki haisomi kamusi

Kuna jibu moja lenye nguvu kwa hayo yote: bunduki haisomi kamusi. Wenye kuvunja mapatano wanaelewa Kiingereza vizuri, na wangevunja hata kama yangeandikwa kwa lugha ya malaika. Jibu hilo lina ukweli wake. Azimio 2773 lilisema « decides », na Goma haikurudishwa kwa sababu ya neno hilo.

Lakini neno lina kazi mbili. Ya kwanza ni kumzuia mkosefu, na kazi hiyo mara nyingi inashindwa. Ya pili ni kumtaja mkosefu: kuonyesha nani alivunja nini, tangu saa ngapi, mahali gani, na nani alikuwa na wajibu wa kuangalia. Bila kazi hiyo ya pili hakuna vikwazo, hakuna mashtaka, hakuna malipo kwa waliopoteza watu na mali. Karatasi isiyoeleweka inamsaidia aliyevunja, kwa maana kila mtu atasema alielewa tofauti. Na anayeumia kwanza ni yule asiyekuwa na lugha ya kuisoma.

Sheria iko tayari

Jambo la kushangaza ni kwamba RDC haihitaji sheria mpya ili kuanza. Kifungu cha kwanza cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kifungu cha 142 kinaipa serikali kazi ya kutangaza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo nne, ndani ya siku 60. Na kifungu cha 214 kinasema mikataba ya amani haiwezi kuidhinishwa isipokuwa kwa sheria. Mwenye kuunganisha vifungu hivyo viwili anapata jibu: sheria yenye kuidhinisha mkataba wa amani inapaswa kuwafikia wananchi kwa Kiswahili. Itakuwa aibu kuipeleka sheria na kuuacha mkataba wenyewe katika Kiingereza.

Kinachobaki ni kazi. Serikali itoe tafsiri rasmi ya kila karatasi ya Doha na Washington, pamoja na maelezo mafupi ya maneno yenye mgogoro. Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi hazikosi walimu wa Kiingereza na wa Kiswahili; waitwe kabla ya sahihi, wasiitwe baadaye kufundisha yaliyoharibika. Wapatanishi wa Qatar, Marekani na Umoja wa Afrika waone tafsiri hiyo kama sehemu ya mapatano, kwa kuwa amani itakaliwa na watu wanaosema Kiswahili.

Vyumba vya habari navyo vikubaliane juu ya maneno na kuyashika. « Truce » iitwe mapumziko ya vita. « Cessation of hostilities » iitwe kuacha uhasama. « Ceasefire » ibaki kusitisha mapigano. Na neno « amani » lingoje siku yake. Redio zenye kusikilizwa mpaka vijijini zinaweza kufanya hivyo kuanzia taarifa ya jioni hii, bila feza na bila ruhusa ya mtu.

Wakaaji nao wanaweza kujizoeza kuuliza maswali manne kila mara wanaposikia kwamba karatasi imetiwa sahihi. Nani ametia sahihi, na nani hakutia? Inaanza saa ngapi na inaisha lini? Inahusu eneo gani? Nani ataangalia? Habari isiyojibu maswali hayo manne haijatosha kumrudisha mtu shambani. Mama aliye na watoto watano na mzigo kichwani asikubali kupanda gari la kurudi mpaka ayapate majibu hayo, kwa lugha anayoisema nyumbani kwake.